Chupa kumi na mbili zisizo kwenye fomu

Saa moja na nusu asubuhi, mjini Moshi, Nasrin Hafidhi anafuta vumbi chupa kumi na moja za maji machafu. Zimepangwa dirishani, kila moja na kikaratasi chake: jina, kijiji, tarehe. Viti vya wageni vimeshabebwa.

"Nimechoka, mwandishi," anasema kabla hajaulizwa. "Nimechoka mpaka kope."

Kwa miaka kumi na saba Nasrin, 48, amepokea malalamiko ya wananchi katika ofisi hii ya serikali inayosimamia mazingira. Sasa ofisi imeundwa upya. Maabara imehamishiwa Dodoma, malalamiko yatapokelewa kwa mtandao, na yeye ana barua ya uhamisho mkononi. Jumatatu anatakiwa kuripoti Dodoma, awaache mama yake mgonjwa na binti yake wa kidato cha nne.

Bibi Aikande, mkulima wa Masama mwenye miaka 74, hana habari na mtandao. Anaingia na chupa ndani ya khanga, ya tatu tangu msimu wa kahawa uanze.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nusa. Mtambo wa kumenya kahawa umemwaga tena uchafu kwenye mfongo wetu. Mfereji wa babu zetu huo! Ng'ombe wamegoma kunywa. Maji yananuka kama pombe ya mbege iliyoharibika."

"Bibi na wewe! Mimi Mwislamu, mbege iliyoharibika nitaijulia wapi?"

Wanacheka. Kisha bibi anaulizia majibu ya zile chupa mbili za kwanza, na Nasrin anainama kuandika kikaratasi.

Majibu hayapo. Kwa miezi mitatu hakuna gari lililopeleka maji maabara, kila mkubwa alikuwa akisubiri barua yake ya uhamisho. Na maji yakikaa hivyo hayapimiki tena.

"Tuliambiwa tuvute subira," anasema Nasrin. "Tukavuta, wenzetu kule vijijini wananywesha mifugo uchafu. Inaniuma, jamani."

Saa nne anafika Rogath, ofisa kijana anayeipokea ofisi, na fomu ya makabidhiano: kompyuta mbili, kabati, funguo nne.

"Mama, hizo chupa mwaga tu. Hazimo kwenye fomu."

"Basi ziingie."

Nasrin anachukua kalamu na kuandika chini ya funguo: chupa kumi na mbili, wenyewe wanasubiri majibu.

Rogath anaitazama fomu bila kuigusa. "Nikisaini hapa, si nitaulizwa mimi?"

"Ndiyo hivyo, baba."

Rogath anatoka nje kupiga simu kwa wakubwa. Mpaka saa sita hajarudi.

"Dodoma nitakwenda, mtumishi wa serikali hachagui," anasema Nasrin. "Ila ofisi siikabidhi bila saini yake. Nataka bibi akija tena, amkute mtu wa kumuuliza."

Bibi Aikande, aliyekaa juu ya boksi la mafaili, anajifunga khanga vizuri.

"Na mimi namsubiri huyo kijana," anasema. "Gari za Masama zipo mpaka jioni."