Walinizika Murangi Nikiwa Uchina

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe. Ukiona nakudanganya, ishia hapa hapa, sitakulaumu. Hata mimi ningesimuliwa na mtu ningemcheka.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, serikali ikipeleka vijana nje kusomea ufundi. Mimi na mwenzangu Marwa, kijana wa Butiama, tulipelekwa Uchina kujifunza kutengeneza mashine za kiwanda cha nguo. Pamba tuliijua tangu utotoni. Kwetu Bugwema nimeichuma mpaka vidole vikachanika, lakini jinsi inavyogeuka kuwa shati ilikuwa siri ya wenye viwanda.

Huko tulipewa mwenyeji, kijana anaitwa Li, aliyesomea Kiswahili chuoni kwao. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Marwa akisema, "Sisi tulikuwaga tunakula ugali," Li anamsahihisha palepale, na Marwa ananuna mpaka jioni. Lakini alikuwa mtu mwema, na kila Jumapili alitutoa bwenini kwenda kutazama nchi.

Mimi nilipenda sana matembezi hayo. Tuliona daraja la chuma ambalo treni inapita chini na magari yanapita juu. Tuliona makaburi ya wafalme wa kale, njia yake imepangwa tembo wa mawe huku na huku. Marwa akampapasa mmoja mkonga, akasema huyu ndiye tembo wa kwanza kumwona asiyemaliza shamba la mtu. Tulicheka, Li naye akacheka ingawa nadhani hakuelewa.

Kitu kimoja tu kilininyima raha. Nilikuwa naandika barua nyumbani, wala sijibiwi. Marwa alijibiwa, mimi kimya. Nikajipa moyo kwamba baba ni mvivu wa kalamu.

Jumapili moja ya baridi kali Li alitupeleka kwenye ziwa lililoko nje kidogo ya mji. Kuna tuta la mawe linalokatiza maji, watu hupita juu yake kwenda kwenye mnara wa zamani ulioko ng'ambo. Ukungu ulikuwa mzito. Marwa na Li walitangulia wakibishana, mimi nikabaki nyuma kwa sababu napenda kutazama maji. Mara pua ikanasa harufu ya dagaa walioanikwa juani. Uchina, kwenye baridi ile, dagaa wa kwetu! Nikasimama.

Chini ya tuta, ukingoni mwa maji, alikuwepo mwanamke. Mweusi kama mimi. Amejifunga kaniki, miguu peku, anasugua sufuria kwa mchanga namna mama zetu wanavyosugua. Niambie, wewe ungewaza nini? Mimi nilifurahi. Katika mji ule weusi tulikuwa mimi na Marwa tu. Nikateremka mbio, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuinua uso. Akanijibu kwa Kijaluo, lugha ya nyumbani kwetu. "Umechelewa. Wameshamaliza kulia."

"Akina nani, mama?"

"Watu wa kwenu. Bi wadhi dala." Yaani, njoo twende nyumbani.

Nikamwambia, kama mjinga, kwamba nyumbani ni Bugwema na hapa ni Uchina. Akaendelea kusugua sufuria yake. "Bugwema hakuna mtu tena. Sasa tunakaa Murangi, karibu na maji. Mahali pako pako tayari, nje ya lango, wanapolala vijana wasiooa." Halafu akainuka, akaingia majini kinyumenyume, akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa mkavu kabisa, una udongo mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Niamini, sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Niliingia majini, na maji yalikuwa ya uvuguvugu kama ya Murangi saa sita mchana. Nilihisi kwamba nikifika pale aliposimama nitapumzika. Kwa mbali nikawa nasikia mtu anaita jina langu, ila lilikuwa linanifikia kama jina la mtu mwingine.

Aliyeniita alikuwa Marwa. Alinishika kola ya koti, akanivuta, tukaanguka wote kwenye mawe. Hapo ndipo baridi iliponiingia. Maji yalishanifika kifuani, na kando yake yalikuwa yameganda barafu. Marwa alikuwa analia huku ananitukana. Yeye hakuona mtu yeyote, aliniona mimi tu nikitembea kuingia ziwani huku natabasamu.

Lakini Li, aliyekuja nyuma yake akihema, aliangalia maji, akaniangalia mimi, akauliza kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, "Yule mama aliyekushika mkono amekwenda wapi?"

Nililazwa kwa homa ya mapafu. Nilipopona nikamuuliza Li juu ya alichokiona. Akasema hakuona kitu, na kwamba katika nchi yao mambo ya mizimu yalishakomeshwa. Alikuwa ananiambia hayo akiwa ameinamia viatu vyake. Toka siku hiyo hakutupeleka tena popote penye maji.

Kozi ilipokwisha tukarudi. Nikashuka Musoma nikiwa na sanduku jipya na suti ya Kichina, nikaenda moja kwa moja Kamunyonge kwa shangazi yangu, dada wa baba. Nikapiga hodi. Akachungulia, akafunga mlango kwa komeo.

"Wewe ni nani?" aliuliza kutoka ndani. Nikataja jina. Akasema, "Huyo tulishamzika."

Nilibembeleza pale mlangoni mpaka majirani wakajaa. Mwishowe alinipitishia dirishani tonge la ugali na chumvi ya mawe, akanitazama nikila mpaka nikameza, maana mzimu hauli chumvi. Ndipo akafungua, akaanguka miguuni kwangu. Mimi bado sijaelewa kitu.

Akanisimulia. Nilipoondoka, watu wa Bugwema upande wetu walihamishiwa kijiji cha ujamaa Murangi. Nyumba ya zamani ilibomolewa, barua zangu zikawa zinakwenda mahali pasipo mtu. "Tulikuwaga tunangoja mpaka macho yanauma," alisema shangazi. Halafu mtu mmoja akaja kutoka Bunda, kwenye kinu cha pamba, akasema amesikia kijana wa Mara aliyepelekwa Uchina amekufa kwa baridi. Kijana gani? Hakujua. Lakini wa kwetu ndiye aliyekuwa kimya.

Sisi Wajaluo, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika tunda la mwegea badala yake, lile refu, zito, linaloning'inia kwa kamba yake mtini. Wazee waliona boma limehama, basi kivuli changu, yaani roho, kitarudi Bugwema kikute magofu, kitangetange. Wakalivisha tunda shati langu la shule, wakalizika Murangi nje ya lango, wanawake wakalia siku zote zinazotakiwa. Ilikuwa wakati wa palizi ya pamba. Pima mwenyewe: palizi ya kwetu ndiyo baridi kali ya Uchina.

Tulipofika Murangi sikupitishwa langoni, kwa kuwa aliyekwisha kuzikwa harudi kwa njia ile. Wazee walivunja ua kwa nyuma, nikasubiri nje ya pengo hilo wakati wanafukua. Mwaka ule mvua ilikuwa imegoma, udongo mkavu mpaka unapasuka, lakini shati lilitoka linachuruzika maji. Maji ya baridi, baridi ya kuuma vidole. Walilichoma tunda, wakazika kondoo dume shimoni ili lisikae tupu, wakaniambia nimshukuru Marwa maisha yangu yote, kwa sababu yule mwanamke ni mpokeaji wa wafu, naye hutumwa na kilio cha wenyewe. Nikaingia. Baba alinikumbatia, wadogo zangu wakanikumbatia.

Mama hakunikumbatia. Alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgeni aliyefika na njaa. "Nilimlilia mwanangu mpaka machozi yakaisha," alisema. "Wewe karibu, nitakupikia."

Na kweli alinipikia, miaka mingi. Nilioa, nikapata kazi Bunda, nikamjengea nyumba ya bati, na kila nilipokwenda alinipa chakula kizuri. Jina langu hakulitaja hata mara moja. Iliniuma kuliko homa ya Uchina, na inaniuma sasa ninapoeleza.

Basi nakuonya. Ukiwa na mtu wako mbali na yuko kimya, mtafute, uliza, nenda, sumbua ofisi zote. Usimlilie kwa habari ya kusikia. Kilio kinafika mahali, na kikifika kuna anayeinuka kukiitikia.

Mama alifariki mikononi mwangu. Siku ile alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake tangu nirudi. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kumtunza vizuri hivyo wakati mimi si damu yake, akasema sasa anakwenda kumwona mwanawe, amemngoja sana. Mimi niko hapa. Kila siku najiuliza huko alikokwenda alipokewa na nani.