Chumba cha Majembe, Luhangwa

Nilipanda Luhangwa kwa sababu ya mkono wa mtoto. Felista, aliyekuwa akishuka milimani kila Jumamosi na kapu la karoti na kabichi kuuza mjini Morogoro, alifika barazani kwangu Mafiga akimshika bintiye Tekla, wa miaka minne, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati watu wa Uluguru walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao, na asiyefika aliitwa mbele ya baraza kushtakiwa. Felista alikwenda matutani, akamwacha mtoto nyumbani. Tekla aliangukia moto jikoni, akaungua, na vidole vyake viwili havikunyooka tena.

Mimi nilikuwa nikiwafundisha watoto wadogo kumi na wawili pale barazani: nyimbo, hadithi, kuhesabu kwa kokoto. Siku hizi mngeita chekechea. Nilikuwa na hasira, na ulimi wangu haukujua kupumzika. Nikaenda kwa mkubwa wa elimu nikamwambia kwamba Luhangwa kuna chumba kitupu cha serikali, tupewe, watoto wakae humo wafundishwe wakati mama zao wako matutani. Akanijibu kuwa bwana shamba amekiomba kwa kuwekea majembe. Nimletee alama za gumba za wazazi ishirini ifikapo Jumatatu. Nikishindwa, majembe yanaingia. Nilitoka pale nikijiona wakili kamili.

Ijumaa alfajiri niliondoka na daftari jipya na wino wa muhuri ndani ya mkoba. Nilipita Bigwa jua halijachomoza, nikaanza kupanda. Sisi wa Mafiga tunauona mlima ule kila tukifungua dirisha, tukadhani tunaujua. Kufika saa tatu nilikuwa nimekwisha kupumzika mara nne, na njia ilikuwa bado inakwenda juu.

Saa sita, kwenye kivuko cha kijito, niliwakuta wanaume wanne wamesimama na mapanga. Niliwaamkia. Waliitikia huku wanautazama mkoba. Mmoja aliuliza kama mimi ni mtu wa bwana shamba, maana wiki ile walimtimua kwa mawe. Nikasema mimi ni mwalimu wa watoto, mgeni wa Felista. Walinipisha, lakini wawili walinifuata nyuma hadi kijijini. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo.

Jioni Felista alipika magimbi, nami nikawaita akina baba waje uani. Nilisema vizuri sana siku ile. Niliueleza mkono wa Tekla mpaka nikaona watu wanainamisha vichwa. Walikuja mmoja mmoja wakabonyeza gumba: ishirini na mmoja. Felista aliniinamia sikioni akauliza, "Mwalimu, na wajomba je?" Nikamwambia wajomba tutawasalimia kesho. Baba yangu alikuja na reli kutoka Tabora, na kwetu baba akishasema, neno limekwisha. Nililala nimekumbatia daftari langu.

Jumamosi asubuhi niliamka nikakuta ua umejaa watu. Mbele alisimama Mzee Anselmi, kaka yake Felista, na nyuma yake wanaume wengine, wale wa kivukoni wakiwemo. Wanawake walikuwa wamewavuta watoto ndani na kufunga milango. Niliamkia, "Shikamoo, mzee." Aliitikia marahaba kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyonitisha zaidi.

"Watoto hawa umepewa na nani?" aliuliza.

"Na baba zao, mzee."

"Baba wa Tekla ana watoto wa dada zake, kule kwao. Juu ya wale aseme anavyotaka. Tekla ni wa ukoo wa mama yake, yaani wetu, na ardhi atakayolima ni yetu. Wewe umeingia kwetu na karatasi, kama wale wa matuta, ukawaandikisha serikalini watoto wa watu kwa vidole vya wasio na neno juu yao."

Nilijua kwamba nikilitoa daftari, Jumatatu majembe yanaingia chumbani. Nikilishika, sijui ningeshukaje. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kumwona Felista akitazama chini kwa aibu ya mgeni wake. Alikuwa ameniambia, tena mapema, nami nikamnyamazisha ndani ya nyumba yake.

Nilichana ukurasa ule nikampa mzee kwa mikono miwili, nikaomba radhi. Alikwenda nao jikoni, kwenye mafiga yale yale yaliyomuunguza Tekla, akautia motoni.

Kisha akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Sasa tuambie sisi."

Niliwaeleza kwa maneno machache kuliko ya jana. Wakaniuliza mengi: nani atakaa na watoto, watakula nini, na je, majina yataandikwa? Swali la mwisho walilirudia mara tatu. Nilisema sitaandika hata moja. Waliondoka wakisema watashauriana kwanza.

Jumapili ilikuwa ndefu. Baada ya misa wajomba walikwenda kuzungumza na bibi wa ukoo, nami nikabaki uani nikichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Jumatatu, kabla ya jogoo wa pili, Mzee Anselmi alinigongea mlango. Alikuwa amevaa koti, na wajomba wawili walikuwa naye. Tulishuka mlima gizani. Saa tano tulikuwa mbele ya mkubwa wa elimu, ambaye hakututazama sana. Alinyoosha mkono, akataka karatasi.

Nilifungua kinywa. Mzee Anselmi akanigusa bega, akasema yeye, "Karatasi tulichoma. Tumekuja wenyewe. Watoto ni wetu, na chumba tunakitaka."

Mkubwa alinitazama mimi, kana kwamba nimfasirie. Sikusema kitu. Sijawahi kunyamaza kwa shida kama siku ile. Mwishowe alisema sawa, lakini kwa msimu mmoja tu wa mvua, na watoto wakikosekana, majembe yanaingia.

Tangu hapo nimetetea watoto wadogo wa vijiji vingi, na kila nifikapo, kabla ya kusema lolote, huuliza mtoto huyu ana nani wa kumsemea. Halafu humtafuta huyo, hata kama anakaa ng'ambo ya mlima.

Siku ya kwanza ya chumba kile nilisimama mlangoni na ndoo ya kokoto, nikiogopa kwamba hatakuja mtu. Wa kwanza kutokea njiani alikuwa Tekla, ameshikwa na mjomba wake. Aliingiza mkono wa kulia ndooni, akatoa kokoto tatu kwa vidole vinavyonyooka, akazihesabu kwa sauti. Mzee Anselmi alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akageuka kwenda matutani.