Njia ya Ziwani Bila Macho

Jina langu ni Vestine, na nyumba yangu iko Mbugangari, hapa mjini Gisenyi. Ninaitaja nyumba mapema kwa sababu macho yalipokwisha, ndiyo iliyokuwa inafuata kupotea. Nimeombwa nieleze yaliyonipata ili mwingine apate moyo. Nitaeleza, ila mnivumilie. Mimi nikianza kukumbuka huwa nazama.

Zamani nilikuwa nauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu. Kulipopambazuka nilikuwa tayari ufukweni Rubona, mashua zinaingia, wavuvi wanaimba huku wakipiga makasia, na mimi nimesimama na beseni langu, mdomo mkali kuliko wote. Nilizaliwa Masisi, upande wa Congo, na utoto wangu wote ulikuwa wa kuhamishwa. Mtu mzima anasema panda gari, nawe unapanda, huulizi. Nyumba ya Mbugangari ndiyo ya kwanza niliyoichagua mwenyewe, hadi rangi ya mlango.

Ugonjwa ulianza ukiwa mzuri. Nasema ukweli. Jioni moja niliona taa ya jirani imevaa pete, nyekundu kwa nje, bluu kwa ndani. Kesho yake taa zote za mtaa zilikuwa na pete zao. Nilisimama dirishani nikizitazama kama mtoto, sikumwambia mtu. Nilidhani ni ukungu wa ziwani.

Halafu kichwa. Maumivu yalikaa juu ya nyusi ya kulia, yakashuka ndani ya jicho, nikatapika hadi nyongo. Nikimeza dawa ya malaria yanapoa, yanarudi. Siku moja nililibonyeza jicho juu ya kope, nikalikuta gumu kama gololi. Hata hapo sikwenda hospitali. Nilinunua miwani sokoni, ile unayojaribu tatu na kuchagua ya nne, nikaendelea na sambaza zangu.

Dunia ikaanza kujikunja kutoka pembeni. Namwona mteja uso, simwoni mkono. Nikapiga teke mabeseni ya watu, nikatukanwa kuwa nimelewa. Mwisho ikabaki tundu dogo katikati, na ndani ya tundu maziwa mepesi. Hapo ndipo nilipofikishwa kwa daktari. Alinipima presha ya macho, kisha nikamsikia anavuta kiti karibu.

“Mama, hii inaitwa glakoma. Nerf ya jicho, ule mshipa wa kuonea, imekauka. Tutakupasua ili maumivu iishe. Lakini ile yenye ilipotea, haiwezi kurudia.”

“Hata kidogo, docteur?”

“Hata kidogo. Ungekuja mapema.”

Nilipasuliwa macho yote mawili. Bandeji zilipotoka, maumivu yalikuwa yameondoka kweli, nikalala siku nzima usingizi mtamu. Ndotoni niliona kila kitu: ziwa, mlango wangu, magamba ya sambaza yaking’aa viganjani. Niliamka nikakuta weupe mtupu. Nililia. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilipenda kulala kuliko kuamka, maana kule bado nilikuwa naona.

Miaka miwili nilikaa kwenye kiti mlangoni. Majirani walinichotea maji, wakaninunulia chakula, wakanishika mkono hata kwenda chooni. Walikuwa wema, na wema wao ulinikalisha. Kaka yangu Faustin, mkulima wa kule Nyundo, alinipenda zaidi ya wote, ndiyo maana akataka kunihamisha.

“Vestine, utabakia hapa na nani? Kule kwangu iko watoto, iko viazi, iko kila kitu. Utaikala tu, upumzike.”

“Mi sitaki kuikala tu.”

“Bon, unataka nini? Hata barabara hauwezi kuvuka!”

Tukavutana mwezi mzima. Mwisho nilimwambia: nikienda ziwani na kurudi peke yangu, bila kushikwa na mtu, unaniacha nyumbani kwangu. Nikishindwa, nitapanda gari lako bila neno. Alicheka, akakubali. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, ile kazi ya usafi ya kila mwezi, ukiisha, atakuja na pick-up.

Kiburi hicho kilitoka kwa Déo. Déo ni asiyeona kama mimi, anafundisha wenzake kutumia simu. Alinitilia kwenye simu programu ya kuongoza njia, inayosema kwa sauti ya mwanamke wa Kifaransa asiyechoka kamwe. Simu yangu ilikuwa ya zamani, iliniweka upande wa pili wa barabara, mara ndani ya ua wa watu. Basi akaniazima kipokezi, kidude kidogo kama kiberiti kinachosikiliza setilaiti na kuiambia simu mahali ulipo. Mimi nikakificha pale mfanyabiashara anapoficha vyote vya thamani, kifuani, chini ya kitenge. Tulizunguka soko mara tatu na yule Mfaransa akichanganyikiwa.

“Kipokezi iko wapi?” Déo akauliza.

“Iko salama.”

“Salama wapi?”

Nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. “Mama, setilaiti inatafuta mbingu! We unaifungia ndani!” Tangu siku hiyo nakifunga juu ya kilemba, na watoto wa mtaa wananiita antena.

Tulitembea njia ya ziwani pamoja mara nyingi, kila mmoja na fimbo yake, tukiweka alama kwenye simu. Nilizipa majina kama tunavyoelekezana sisi, kwa watu: Mama Tomate, Fundi Cherehani, Mzee wa Matairi. Mfaransa akitaja jina, nami nikisikia sauti ya mtu mwenyewe, najua niko njiani.

Nilichagua asubuhi ile ile ya umuganda, kabla Faustin hajafika. Nilijiona mjanja. Mji mzima unatoka kufanya kazi ya pamoja, maduka yanafungwa, pikipiki zinasimama. Nani atanigonga? Sikufikiria jambo moja: nimekuwa nikitembea kwa masikio.

Nilitoka, na mji haukuwepo. Hakuna injini, hakuna redio, hakuna mtu anayeita wateja. Mfaransa akasema, “Mama Tomate, dix mètres,” yaani mita kumi, nikafika, hakuna Mama Tomate. “Fundi Cherehani,” hakuna cherehani. Nilitembea katika ukimya ule kama mtu anayetembea ndani ya ndoto yake mwenyewe, majina yanatajwa na wenyewe hawapo. Nakiri, kulikuwa kuzuri. Upepo wa ziwa ulinipiga usoni. Nikasahau kuogopa.

Ndipo nikasikia majembe, na mkono ukanidaka.

“Mama! Unaenda wapi? Leo ni umuganda!” Alikuwa kiongozi wa mtaa ule. “Iko rigole hapa, tumechimba sasa hivi. Utaanguka!”

“Asante. Niko naenda ku ziwa.”

“Peke yako? Hapana, hapana. Ngoja mutu akusindikize.” Akanigeuza, akanivuta nyuma kutoka kwenye mtaro, akanigeuza tena, wengine wakaja, kila mmoja na mkono wake.

“Niacheni!” Nilipiga kelele. Majembe yakanyamaza. “Mukinishika, nyumba yangu inaenda. Tafazali, muniache.”

Wakaniacha. Nikabaki nimesimama, sijui ziwa liko mbele au nyuma. Simu nayo ilinyamaza. Na hapa ndipo nilipokumbuka somo la Déo lililoniudhi kuliko yote: kidude kile kinajua uko wapi, lakini ukisimama hakijui umeelekea wapi. Lazima utembee kwanza, hata kama si njia yenyewe, ndipo kijue.

Mtaro ulikuwa karibu, watu wote wananitazama. Nikatupa fimbo mbele, nikagusa udongo mgumu, nikapiga hatua. Tano, sita. Kimya. Nane, tisa.

“Faites demi-tour,” akasema yule mwanamke. Geuka.

Nilikuwa naelekea nyumbani. Nikageuka. Fimbo ikaupata mtaro, ikapata na ubao waliouweka juu yake, nikapita. Nyuma yangu mtu mmoja akasema kwa Kinyarwanda, polepole, kama anayestaajabu, “Yewe,” na hakunigusa.

Nilifika ziwani. Nilivua viatu nikaingia maji hadi kwenye vifundo. Sitawaeleza zaidi, maana sikufanya kingine. Nilisimama tu, nikalia kwa furaha, kisha nikarudi kwa njia niliyoendea.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Déo, na daktari ambaye hakunidanganya. Wewe unayeona pete kwenye taa, usizipende kama mimi nilivyozipenda; nenda wakupime presha ya macho wiki hii hii. Wewe uliyekwisha kupoteza macho, usisubiri kujua njia yote ndipo uinuke. Piga hatua, hata mbaya, ndipo utakapoambiwa ugeuke. Na ninyi wenye huruma, mkiniona nimesimama, niulizeni kwanza kabla hamjanishika.

Faustin alifika baada ya umuganda. Alikwisha kuhadithiwa barabarani, mji wetu hauna siri. Alishusha magunia mawili ya viazi, akayapanga jikoni, akasimama mlangoni.

“Nikikuja tena,” akasema, “nitapiga simu kwanza. Labda utakuwa umetoka.”