Pampu Mbovu na Utani wa Dukani

Nakumbuka asubuhi moja niliposhusha pampu ya maji mlangoni mwa duka moja la mashine mtaa wa Mirongo, mjini, jasho linanitiririka, na maneno yote ya kumwambia muuzaji nimeshayapanga. Mwanangu, niliondoka na pampu ileile, nikicheka. Kicheko hicho kinaniudhi mpaka leo.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, nina bustani ya nyanya Butimba, hatua chache kutoka ziwani. Mvua zilikatika mapema mwaka ule, nikanunua pampu mpya kwenye duka hilo, ya kwenye boksi. Iliunguruma vizuri sana, lakini haikutoa hata tone. Maji unayaona pale, na nyanya zinanyauka unaziona!

Sasa, muuzaji alitoka kabila ambalo sisi Wasukuma tuna utani nalo tangu enzi za mababu. Unaijua mila yetu: mtani akikuchokoza, hukasiriki. Nilipofungua mdomo tu, akapiga makofi.

"Jamani, njooni muone! Mtani wangu kaleta mashine mahakamani! We Msukuma, uliiamkia shikamoo kabla ya kuiwasha?"

Duka zima likacheka. Nami, mjinga mimi, nikacheka. Nikamrudishia utani, akanirudishia, na pampu ikabaki sakafuni haijaguswa. Mwisho akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Wiki iliyofuata nikaenda tena, akanifanyia vilevile.

Shangazi yangu Minza, dada yake baba, alinikuta bustanini nikimwagilia kwa ndoo. Nikamsimulia, nikidhani atacheka.

"Unacheka nini, Kabula?" akanikaripia. "Utani ni wa msibani na harusini. Pale dukani wewe ni mteja, umeuziwa kitu kibovu. Beba hiyo pampu. Na risiti."

Tulipofika, yule bwana akaanza vichekesho vyake. Shangazi hata hakutabasamu. Akaweka risiti mezani.

"Hatujaja kutaniana. Pampu haivuti maji. Tupe nzima, au turudishie hela yetu."

"Mama, si unakiona kibao?"

"Kibao umeandika mwenyewe. Sheria hukuandika wewe. Twende kwa afisa biashara ukamsomee."

Yule bwana akaibeba pampu. Akaijaribu mbele yetu kwenye pipa la maji, ikaunguruma bure. Tukapewa nyingine palepale, na hiyo ilivuta maji mpaka nikalia. Nililia kwa sababu nyanya zangu zilikuwa zimeshakufa, matuta yote. Yule mtu alijua tangu siku ya kwanza kwamba ameniuzia ubovu, akanichekesha makusudi! Nami nikamsaidia kunidhulumu.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kitu chochote cha kuwashwa kiwashwe mbele yako kabla hujakilipia, na risiti uitunze. Kikiharibika, rudi nacho upesi. Kibao cha ukutani hakifuti haki yako, hata kiandikwe kwa herufi kubwa namna gani. Muuzaji akikuletea utani, akikupa soda, akikuita mkwe, mwambie hayo yatasubiri mpaka akujibu. Akikataa, nenda kwa afisa biashara, wala usione haya kupaza sauti. Haya mwachie aliyeuza ubovu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe macho makavu unapodai kilicho chako, na asikuache ucheke pale unapoibiwa.