Siku Shosho Alipoingia Uwanjani

Oktoba, kabla mvua haijanyesha, Kitengela ilinuka vumbi na mavi ya ng'ombe, na upepo ukigeuka ikanuka saruji kutoka upande wa Athi River. Kujua kwamba sikukuu imekaribia hakukuhitaji kalenda. Moshi wa nyama ulianza kupanda nyuma ya bucha tangu Ijumaa mchana, na majirani wakaanza kufunga mizigo. Ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka waliopigania uhuru, na ilipoangukia karibu na wikendi kila mtu alikuwa na mpango wake. Wakamba wa ploti yetu walirudi Machakos kuwaona wazazi. Familia ya Kisomali yenye duka haikufunga hata saa moja, maana siku hizo soda zilitoka kuliko maji. Wengine waliteremka Namanga, mpakani, kutafuta vitenge na kandambili za bei nafuu. Baba, aliyefanya kazi kiwandani, alikuwa mtu wa mbuzi na redio. Sisi watoto tulipelekwa uwanjani kumwimbia DO, mkuu wa serikali wa tarafa yetu. Na mimi, tangu nipate akili zangu, wikendi hiyo niliimaliza nikimchunga bibi yangu.

Tulimwita Shosho. Alikuwa mama yake Baba, Mwembu, na mimi nilipewa jina lake, Wawira, kwa hivyo hakuniita mjukuu hata siku moja, aliniita wajina. Alikuwa mwanamke wa kucheka na wa kuongea na watu. Wamama wa Kimaasai walioleta maziwa asubuhi waliketi naye kwa muda mrefu mpaka Mama akalalamika kwamba chai imepikwa mara tatu. Lakini sikukuu hiyo ikikaribia, Shosho alibadilika. Alivaa viatu kulipokucha na hakuvivua kutwa, hata akijilaza kitandani. Land Rover ya serikali ikipita na kipaza sauti kutangaza sherehe, alinyamaza katikati ya neno na kuangalia mlango. Nilipokuwa darasa la tatu gari hilo lilisimama mbele ya ploti, dereva akamuuliza Baba njia. Tulipogeuka, Shosho hakuwepo. Alipatikana kesho yake karibu na Isinya, kwenye boma la watu wasiomjua, miguu imevimba. Hakueleza chochote. Baba alisema ni uzee. Mimi sikuyaamini hayo ya uzee. Niliamini kwamba siku moja angeondoka tena, na safari hiyo tusimpate.

Sasa wewe fikiria hali yangu nilipofika darasa la sita, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Mwalimu Naserian alipotangaza kwamba safari hii anataka wazee waliopitia hali ya hatari, enzi za Mzungu, waketi mbele kabisa kwenye sherehe, karibu na DO. Akauliza nani ana bibi au babu aliyetoka Embu, Meru au Murang'a. Darasa zima likanigeukia. Nilienda nyumbani nikiomba Shosho akatae. Nilipomwambia alikuwa akichagua maharagwe, akainua uso.

"Wewe utakuwa huko, wajina?"

Nikamwambia niko kwenye mchezo wa kuigiza.

"Basi nitakuja."

Hakuuliza ni mchezo gani. Nami nilikuwa nimeshughulishwa mno na Land Rover ya DO hata nisiuwazie mchezo wenyewe. Kwetu ulikuwa mchezo tu, Mwalimu aliutoa kwenye somo la historia. Wanakijiji wanapangwa mstari. Anakuja mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, lenye matundu mawili ya macho, mtu ambaye ni mwenzao lakini hawamjui ni nani. Anapita mbele ya kila mmoja kimyakimya. Akikutikisia kichwa, askari wanakuchukua. Ndani ya gunia aliwekwa Lemayian wa darasa la nane, mvulana mpole ambaye kila tulipofanya mazoezi alipiga chafya kwa vumbi la mahindi, tukavunjika mbavu kwa kicheko.

Siku yenyewe ilifika. Shosho alioga mapema, akajifunga leso mpya, akatembea nami hadi uwanjani. Aliketishwa mbele na wazee wengine watatu. Land Rover ilipoingia, mimi sikumtazama DO, nilitazama miguu ya Shosho. Haikusogea. Askari wakapiga saluti, bado haikusogea. Tukaimba, DO akasoma hotuba ya Rais kuanzia juu hadi chini, jua likitukaanga utosi, na Shosho akaketi tu, mikono mapajani. Nikaanza kupumua. Nilijiambia kwamba yamepita, tukimaliza mchezo namchukua twende nyumbani.

Tukajipanga mstari. Lemayian akatokea nyuma ya hema, na siku hiyo hakupiga chafya.  Alipita mtoto wa kwanza, akampita wa pili, akafika kwangu, akasimama, akatikisa kichwa kama tulivyofundishwa. Wavulana wawili walioigiza askari, wamevaa makoti ya baba zao, wakanikamata mikono. Hapo ndipo nilipomwona Shosho amesimama.  Nilijua anaondoka, na mimi nimeshikwa, na hakuna mwingine anayejua kwamba anapaswa kumkimbilia.

Lakini hakwenda upande wa barabara. Alikuja kwetu. Alipita mbele ya DO kana kwamba ni kiti kitupu, akaingia katikati ya uwanja, akawapangua wale wavulana, akasimama kati yangu na gunia. Alisema maneno ya Kiembu ambayo sikuyaelewa, kisha akasema kwa Kiswahili, bila kupaza sauti, "Huyu hapana. Huyu hamchukui." Akanishika mkono tukaondoka. Uwanja wote ulipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. DO naye alipiga makofi.

Tulitembea kando ya barabara ya Namanga, vidole vyake vimenibana mpaka vyangu vikafa ganzi. Tulipofika mbali na kelele ndipo alipopunguza mwendo.

"Dada yangu alikuwa amesimama hapa," akasema, akijigusa bega la kushoto. "Ile gunia ikatikisa kichwa. Mimi nikaangalia chini tu."

Nilimuuliza kama dada yake alirudi. Akasema hapana. Nikamuuliza nani alikuwa ndani ya gunia.

"Nani anajua? Mtu ya kwetu. Labda ni yule tulikuwa tunachota maji pamoja naye. Kila mtu nikisalimia, najiuliza. Ndiyo nikakuja huku kwa Wamaasai."

Tulipofika nyumbani alivua viatu, akalala hadi jioni.

Siku hizi sikukuu ile ina jina jipya, na wikendi yake imekuwa ndefu na yenye furaha. Hoteli za kando ya barabara hujaa kuanzia Ijumaa, na watoto wangu huniuliza tutakwenda kuogelea wapi. Nawapeleka, ingawa sijawahi kuwaeleza habari za Shosho na gunia. Shosho tulimzika hapahapa Kitengela, kama alivyotaka, wakati ambapo kutoka kaburini pake bado ungeweza kuona nyumbu. Leo ni maghorofa. Watu wametoka kila pembe kununua ploti na kujenga. Jirani wa kulia ametoka Runyenjes, wa nyuma yetu Siakago, kote hukohuko Embu, na wikendi ya sikukuu wazee wao huja kuwatembelea. Nawasikia langoni wakisalimiana kwa Kiembu, wanacheka, wanaulizana habari za nyumbani. Nami huwasalimu kwa adabu zote, kisha najikuta nikikadiria umri wao, nani angeweza kuwa ndani ya gunia lile. Shosho angekuwa hai, sijui angehamia wapi.