Mkalimani wa Selina

Mashimba ni fundi baiskeli wa Mkolani. Mtaani wanamjua pia kama mtu pekee anayeelewa anachosema binti yake, Selina. Homa ya uti wa mgongo ilimwacha Selina kiziwi akiwa mdogo. Mama yake alikuwa ameshafariki, shule ya viziwi hakupelekwa, basi baba na mtoto wakajitengenezea alama zao. Kugusa kidevu ni bibi. Vidole vikichezacheza juu ya kiganja ni dagaa. Mtu akishindwa kumwelewa, Selina humgeukia baba yake, naye Mashimba hufasiri kwa majivuno kidogo.

Selina alipokua alipata kazi ya kufuma masweta ya shule kwa mama mmoja wa Buhongwa, Gladness. Mchana mmoja alirudi nyumbani mapema, gauni limejaa udongo, mdomo umepasuka. Alimweleza baba yake kwa mikono: jengo ambalo halijaisha, mwanamume aliyemvuta ndani, alivyomkaba shingo. Alama ya jambo lenyewe hawakuwa nayo. Aliibuni palepale. Mashimba akaielewa, akageuza uso.

Walikwenda hospitali. Daktari alikuwa msichana wa rika la Selina.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Marahaba. Huyu hasikii wala hasemi. Mimi ndiye namsemea."

Selina akaanza kueleza upya. Nje ya pazia benchi lilikuwa limejaa watu, na mmoja wao alikuwa mteja wa Mashimba. Tena kwao, baba hatamki mambo hayo mbele ya binti yake.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema ameanguka. Kwenye mawe."

Daktari akasafisha kidonda, akaandika dawa za maumivu. Selina aliona mambo yanakwisha haraka mno. Akamshika daktari mkono wa koti, akairudia ile alama polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Anasema nini tena, mzee?"

"Anashukuru."

Daktari akatabasamu na kumgusa bega. Selina akalitazama lile tabasamu, kisha akamtazama baba yake. Njia nzima ya kurudi hakuinua mikono. Nyumbani alichota maji, akaoga kwa muda mrefu, akafua na lile gauni. Mashimba alimwona na hakumzuia.

Kesho yake asubuhi Gladness alifika na Selina kwenye kibanda cha Mashimba cha ufundi.

"Shikamoo Baba Selina. Jana daktari mlimwambia nini?"

Mashimba akaendelea kufunga nati iliyokwisha kukazwa.

"Nauliza kwa sababu amenionyesha. Alama zenu sizijui, lakini nimeelewa. Wewe hukuelewa?"

"Nilielewa."

"Sasa dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi amepewa? Ya kuzuia mimba je? Hizo zinatakiwa ziwahi, baba. Zikipita siku tatu, ya virusi haina kazi tena."

"Hakupewa."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

Gladness akatoka barabarani. Alisimamisha bajaji.

Wakamkuta daktari yuleyule. Mashimba alisema akiwa bado mlangoni, na benchi zima likamsikia: "Mwanangu alibakwa. Jana yeye alikwambia. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Daktari akaweka kalamu chini. "Na mimi nilikuuliza wewe tu," akasema. "Yeye sikumtazama. Hapa hatuna mkalimani, mzee. Viziwi wote wanakuja na ndugu." Kisha akamwomba atoke, Gladness abaki.

Selina alipata dawa kabla muda haujapita. Zilimtapisha wiki nyingi, lakini vipimo vya baadaye vilikuja safi, na mimba haikuwepo. Kesi waliyoifungua ndiyo ilikufa. Polisi walisema ushahidi ulioshwa siku ya kwanza, na Mashimba alijua ulioshwa kwa sababu gani. Yule mwanamume hajapatikana.

Siku hizi Selina humwambia baba yake mambo ya chakula, maji na mvua. Mengine hamwambii. Jumamosi huenda mjini, Nyamagana, kujifunza lugha ya alama wanayoitumia viziwi wenzake, na Gladness hufuatana naye. Mashimba aliwahi kuomba ajifunze pia. Selina alimtazama kwa muda, bila hasira, akatikisa kichwa, akaenda kuvaa viatu.