Mlango Alioufunga Mama Foronya

Jina la Mama Foronya alipewa kazini, na wala si la kumsifu. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu wa vyumba hotelini, ghorofa ya tatu, vyumba kumi na sita kila siku, na hakuna foronya iliyomtoka mkononi ikiwa na mkunjo. Wenzake wakimwona anarudia kitanda mara ya pili humwambia, "Mama Foronya, mgeni anakuja kulala, haji kuposa." Naye huwajibu wakatandike kwao.

Shida ya kazi hiyo ni kwamba watu wakipumzika, yeye ndipo anapochoka. Shule zikifungwa hoteli hujaa, na likizo yake huangukia siku ambazo watoto wako darasani. Alfajiri hutoka hawajaamka, usiku hurudi wamelala. Aliyewalea hasa ni mumewe, fundi viatu anayefanyia kazi barazani pao, na amewalea vizuri, tusimnyime haki yake. Lakini mama ni mama. Binti mkubwa ana miaka kumi na sita, huyo keshazoea. Kitindamimba ana saba, anaitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika, na ndiye anayemkata mama yake maini.

Kwa hiyo mwaka huu, alipopewa siku nne katikati ya likizo ya shule, wakakodi kijumba cha mawe huko mashambani, nyuma ya vilima, mahali ambapo jirani wa karibu ni mbuzi na simu haishiki. Njiani Chiriku alimwinamia baba yake akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Baba, Mama naye atalala na sisi siku zote nne?"

Mama Foronya akageukia dirishani. Swali lile lilimuuma kuliko tusi. Akaapa moyoni kwamba siku hizo hazitaisha kabla mtoto huyu hajamzoea, liwalo na liwe.

Kuapa ni rahisi. Siku ya kwanza Chiriku alichomwa na mwiba, akampita mama yake aliyekwishanyoosha mikono, akaenda kulilia kwa baba. Wakati wa kula akataka kukaa na baba. Mama akabaki anapanga vikombe vilivyokwishapangwa.

Asubuhi ya pili wote wakateremka kijitoni. "Tangulieni, nakuja sasa hivi," akasema Mama Foronya. Sasa hivi gani? Alikwenda kutandika. Akavuta shuka mpaka pembe zikasimama, akakunja taulo, akaikunja hata ncha ya karatasi ya chooni iwe pembetatu. Nani alimtuma, Mungu ndiye ajuaye. Alipomaliza alipitisha macho kama msimamizi anayekagua, akabonyeza kitufe cha kitasa, akauvuta mlango nyuma yake. Mkono ulifanya wenyewe. Hotelini hufanya hivyo mara kumi na sita kwa siku, ila hotelini ufunguo huwa kiunoni mwake. Hapa ulikuwa mezani, karibu na mkate. Mazoea yana tabu, jamani.

Waligundua saa sita mchana, wamerudi na njaa, nywele zinachuruzika maji. Fundi viatu alitikisa kitasa, akazunguka nyumba, akajaribu vyuma vya madirisha kimoja kimoja. Kupitia kioo chakula walikiona, kukifikia ndiyo kazi.

"Walau vitanda vimetandikwa," akasema. Hakusema kwa ubaya, maana ni mtu wa utani, lakini mkewe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ikabidi mtu amfuate mwangalizi wa nyumba, mwenye ufunguo wa akiba, ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwenda tu. Fundi viatu akaondoka na binti mkubwa. Chiriku alitaka kufuata, akaambiwa miguu yake bado mifupi. Akakaa kwenye ngazi, mdomo ameuvuta, mgongo kampa mama yake.

Basi wakabaki wawili. Na mwanamke huyu, ambaye ameshawatuliza wageni waliomwagikiwa chai kwenye suti za harusi, aliogopa mtoto wa miaka saba. Aliogopa hasa.

"Baba huwa ananipa hadithi," Chiriku akasema bila kugeuka. "Za sungura na fisi. Wewe unazijua?"

"Sizijui." Alisema kweli, kwa aibu. Akafikiri kidogo. "Ninamjua mzee mmoja aliyekuja hotelini na kuku."

Mgongo ukatulia. "Kuku wa kula?"

"Wa kulala naye chumbani. Akaniomba nimtandikie kuku naye kitanda chake. Nikatandika. Shuka, blanketi, foronya, vyote."

"Kuku alilalia foronya?"

"Akaitagia. Asubuhi nakuta yai katikati, na mzee ananiambia, mama, hiyo ndiyo bakshishi yako."

Chiriku aligeuka mwili mzima. Mama Foronya naye, kuona hivyo, akafungulia bomba. Akamsimulia habari za bibi aliyepoteza meno ya bandia, ghorofa nzima ikatafuta chini ya vitanda, kumbe mumewe kayavaa. Akamsimulia na kisa cha bwana aliyelala ndani ya beseni la kuogea kwa kuogopa kuharibu kitanda kizuri. Mtoto alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mbona hukuwahi kuniambia haya?"

"Ukiwa macho mimi sipo, mwanangu," akasema mama. "Nami nimeumia sana kwa hilo."

Chiriku alisogea, akalaza kichwa chake kibichi mapajani mwa mama yake, sketi ikalowa chapa. "Haya. Yule mume, alijua meno si yake?"

Hata njaa walikwishaisahau fundi viatu alipotokea kwenye kona ya njia, anatweta, binti mkubwa na mwangalizi nyuma yake, ufunguo ameuinua juu.

Chiriku akamnyooshea kiganja cha kumsimamisha.

"Baba, rudini kwanza. Mama hajamaliza."

Fundi viatu alimtazama mkewe, akayaona machozi yanamlengalenga na kicheko papo hapo. Akautia ufunguo mfukoni, akaketi ngazi ya chini, akamwambia mwangalizi asogee naye asikie.